Yatima, kibao na ndoo ya maji: malezi ya watoto Unguja tangu zama za Bi Salme



Sura ya Al-Maa'un ina aya saba tu. Watoto wetu wanaihifadhi mapema chuoni, na sisi wenyewe tunaisoma katika sala tukiwa na haraka, kwa sababu ni fupi. Inaanza kwa kumtaja mtu anayemsukuma yatima, inamalizia kwa watu wanaozuia maa'un. Abdullahi bin Masoud, sahaba wa Mtume (S.A.W.), alipoieleza hiyo maa'un alitaja vitu vya kawaida ambavyo majirani huazimana: shoka, chungu, ndoo. Yatima yuko mwanzo wa sura na ndoo iko mwisho wake.

Nimeianzia hapo kwa sababu ya swali ninaloulizwa kila Ramadhani ikikaribia. Dada ana kijipesa chake cha sadaka, anataka kujua akipeleke wapi: kwenye nyumba ya mayatima, kwenye kisima, au amlipie mtoto wa watu mahitaji ya skuli? Mimi si mwanachuoni na fatwa sina. Ninachoweza kutoa ni historia ya kisiwa chetu. Katika historia hiyo mambo matatu haya, nyumba, elimu na maji, yalikuwa yakishikana. Mtoto aliyepewa moja akanyimwa mengine alibaki njiani.

Tumtazame mtoto mmoja ambaye jina lake wengi wenu mnalijua, Sayyida Salme binti Said. Tumezoea kumsimulia kwa mapenzi yake na Mjerumani na safari yake ya 1866. Leo nataka tumtazame kama yatima, na tuanze na mama yake, Jilfidan.

Jilfidan alikuwa Mcherkesi, mtoto wa nchi ya mbali kabisa kule Kaukazi. Wavamizi waliwaua wazazi wake, wakamchukua yeye, naye akaishia Unguja mikononi mwa Sayyid Said akiwa bado mdogo sana. Alikulia pamoja na mabinti wa Sayyid waliolingana naye umri, akawa suria, akamzaa Salme mwaka 1844 katika jumba la Mtoni. Kwa hiyo malezi yale ya jumbani, pamoja na hariri na udi wake, yalianza na mtoto aliyeibwa. Sisemi hivi ili kumsuta mtu aliyekwisha kufa. Nasema kwa sababu kila tukizungumzia ukarimu wa nyumba za zamani tunasahau kuuliza yule mtoto aliyelelewa alifikaje pale mlangoni.

Sayyid Said alifariki 1856 akiwa baharini, anarudi kutoka Oman. Salme alikuwa na miaka 12. Alipewa fungu lake la urithi, shamba na fedha, kama sheria inavyotaka. Miaka mitatu baadaye, 1859, kipindupindu kiliingia mjini na Jilfidan akafa. Basi binti wa miaka 15 akawa hana baba wala mama. Alikuwa na mali, ndugu wengi na nyumba za kuishi. Alikuwa na jambo jingine pia, ambalo mabinti wenzake hawakuruhusiwa kuwa nalo: alijua kuandika.

Wasichana wa jumbani walifundishwa kusoma Qur'ani, lakini kalamu ilikuwa ya wavulana. Salme alijifunza kwa siri. Alichukua bega la ngamia, yaani ule mfupa mpana uliotumika kama kibao, akawa ananakili herufi za msahafu mpaka mkono ukakubali. Baadaye mwaka ule ule wa 1859, Barghash alipotaka kumpindua kaka yake Majid, Salme ndiye aliyewaandikia barua wale waliokula njama. Njama ilishindwa, Barghash akapelekwa Bombay. Wengine husema huo ndio ushahidi kuwa kumfundisha mtoto wa kike kuandika kunaleta fitina. Mimi naona fitina ilikuwa ya watu wazima, wao ndio waliomtumia mtoto aliyefiwa na mama yake mwaka ule ule. Hata yatima tajiri anahitaji mtu wa kumwambia hapana.

Barghash alirudi, na mwezi wa Oktoba 1870 akatawala. Alikuta nini? Kipindupindu kilikuwa kimepita tena Unguja mwaka 1869 na 1870, kikaua watu kwa maelfu. James Christie, daktari aliyekuwa akiishi mjini wakati huo, aliandika kitabu kizima juu ya maradhi hayo Afrika Mashariki, kikachapishwa 1876, akifuatilia jinsi yalivyosafiri na misafara ya bara na majahazi ya pwani. Mji ulikuwa ukinywa maji ya visima vifupi, vingine viko hatua chache kutoka chooni, na mvua ikinyesha kila kitu kinachanganyika. Halafu tarehe 15 Aprili 1872 kikaja kimbunga kilichong'oa mikarafuu na minazi na kuvunja majahazi bandarini. Ndani ya miaka mitatu kisiwa kilipigwa mara mbili.

Jaribu kufikiria watoto wa miaka ile. Tunaambiwa juu ya hasara ya karafuu, tunaambiwa juu ya meli za Sultani zilizozama, lakini mayatima hawakuhesabiwa na mtu. Waliingia majumbani mwa shangazi, mama wadogo, bibi na majirani, na kwa walio watumwa walibaki kwa bwana. Hakuna karatasi ya mambo hayo. Kazi iliyofanywa na wanawake jikoni na uani mara chache ilipata karatasi.

Katika utawala wake, uliokwisha 1888, Sayyid Barghash alileta maji safi mjini. Yalitoka chemchemi za Chemchem, nje ya mji upande wa kaskazini, yakafikishwa kwa mfereji na mabomba mpaka mitaani, na watu wakachota bila kulipa. Wageni waliokuja wakati huo waliisifu kazi ile kuliko majumba yake. Na mimi ningekuwa mgeni ningefanya hivyo hivyo. Beit al Ajaib lilikuwa jengo la fahari, kweli, na hamamu aliyoijenga ya mtindo wa Kiajemi ikaacha jina la mtaa, Hamamni. Lakini mfereji wa Chemchem ulimwokoa mtoto ambaye jina lake hatulijui. Sijui kama Barghash alimkumbuka Bi Jilfidan alipotoa amri ile, na hakuna sababu ya kumtungia fikra. Ila alikuwa kijana mjini humo mwaka 1859, aliyaona yaliyotokea.

Tuyatazame maji haya kwa jicho la mtoto. Kabla ya mfereji, na kwa Ng'ambo na mashamba miaka mingi baada yake, maji yalibebwa kichwani. Nani alibeba? Katika nyumba ya mwenye nacho alibeba mtumwa. Katika nyumba ya fukara alibeba mwanamke na watoto wake, na katika nyumba yenye mtoto wa kulea, mara nyingi alibeba yule wa kulea. Alfajiri anakwenda kisimani na mtungi, anarudi, anakwenda tena. Wenzake wanapokaa chini kwa mwalimu na vibao vyao yeye bado yuko njiani. Kwa hiyo maji yanapofika karibu na mlango, hayo ni afya na ni elimu pia, hata kama hakuna aliyepanga iwe hivyo. Hili limebaki kweli mpaka leo katika vijiji ambavyo mfereji hutoa maji usiku wa manane peke yake.

Mtume (S.A.W.) aliulizwa na Saad bin Ubada, mama yake alipofariki, sadaka ipi ni bora amtolee. Jibu likawa maji. Saad akachimba kisima na kukitangaza kuwa ni cha mama yake. Mimi hadithi hiyo huipenda kwa sababu mwanamke yule alikuwa amekwisha kufa, na bado watoto wa watu wakawa wanakwenda kwenye kisima chenye jina lake.

Sasa niseme habari ambayo katika barza zetu tunaikwepa, nayo ni ya watoto wa majahazi. Meli za kivita za Waingereza zilikuwa zikikamata majahazi yanayosafirisha watumwa, na ndani yake mlikuwa na watoto wengi. Mtoto wa miaka saba ametolewa karibu na Ziwa Nyasa, ametembea mpaka pwani, amepakiwa, amekamatwa, ameshushwa Unguja. Amwendee nani? Lugha yake haijulikani, kijiji chake kimechomwa, na njia ya kurudi hakuna.

Mwaka 1864, askofu Tozer wa misheni ya Kianglikana alipofika Unguja, Sultani Majid alimpa wavulana watano waliotwaliwa kutoka kwa wafanyabiashara wa watumwa. Huo ndio ukawa mwanzo wa skuli yao. Wavulana baadaye wakawa Kiungani, wakijifunza kusoma, kuandika na kuchapa vitabu. Wasichana wakawekwa Mbweni, shamba lililonunuliwa 1871. Mmoja wa wale watano, John Swedi, akawa shemasi mwaka 1879. Mwanamke wa Kiingereza, Caroline Thackeray, alikuja Mbweni 1877 kufundisha wasichana na hakurudi kwao tena. Alifariki huko huko 1926. Magofu ya skuli yake bado yapo kando ya bahari.

Tuseme nini sisi Waislamu juu ya hilo? Nimesikia majibu mawili na yote mawili naona yana upungufu. Wapo wanaosema wale walikuja kubadili dini za watoto, basi, mlango umefungwa. Na wapo wanaosema wale peke yao ndio waliowahurumia. La kwanza halituambii kwa nini watoto wale walikuwa wakiuzwa katika mji uliojaa misikiti. Soko la watumwa lilifungwa kwa mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, na utumwa wenyewe ulipoteza nguvu ya sheria 1897, na hata hapo masuria waliachwa nje mpaka 1909. Miaka yote ile Sura ya Al-Maa'un ilikuwa ikisomwa. La pili nalo linasahau wanawake wa Unguja waliokuwa wakilea watoto wasio wao bila ya kuandika ripoti kwa mtu yeyote.

Kuna kitabu kilichotolewa 1887 na A. C. Madan, mwalimu wa Kiungani na mtunzi wa kamusi, chenye masimulizi ya wavulana wenyewe: walivyotekwa, walivyouzwa, mikono waliyopitia. Ukikisoma utaona watoto wamepewa chakula, nguo, maji na kalamu, na bado wanarudi kwenye habari za kwao na watu wao. Hicho ndicho Kiungani na Mbweni hazikuweza kukitoa. Wasichana wengi wa Mbweni waliolewa na vijana wa misheni, wakaanza ukoo upya kutoka sifuri. Mtoto alipewa jina jipya, na la zamani mara nyingi likapotea pamoja na kabila, na pamoja na mjomba ambaye huenda alikuwa hai.

Hapa ndipo malezi ya dini yetu yana neno la kusema. Kafala si sawa na kumgeuza mtoto awe wako kwa karatasi. Unamlea, unamlisha, unamsomesha, unampenda, lakini jina la baba yake linabaki. Zayd bin Haritha aliitwa Zayd bin Muhammad kwa muda, kisha Qur'ani ikaagiza watoto waitwe kwa baba zao, akarudi kuwa bin Haritha, na mapenzi ya Mtume kwake hayakupungua hata chembe. Mtoto anajua alikotoka. Urithi wa wazazi wake ni wake, na ukitaka kumwachia sehemu ya mali yako, wasia uko, hadi theluthi.

Halafu kuna ziwa. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, mtoto mchanga chini ya miaka miwili akinyonyeshwa mara tano na mwanamke, anakuwa mwanawe wa ziwa, na watoto wake wanakuwa ndugu zake, hawaoani. Nyumba nyingi za Unguja zina ndugu wa namna hiyo. Jirani amefariki kwa uzazi, mwenzake ana mtoto mchanga, anamchukua yule mwingine anampa ziwa. Hakuna mkutano uliofanyika, hakuna kamati. Mtume mwenyewe alinyonyeshwa na Halima. Baba yake alifariki kabla hajazaliwa, mama yake Amina alimwacha na miaka sita, babu yake Abdul Muttalib alimwacha na miaka minane, akaingia nyumbani kwa ami yake Abu Talib. Khutba nyingi zinamtaja Abu Talib. Mwenye kupika, kufua na kuhakikisha mtoto mgeni hali mabaki alikuwa mke wake, Fatima binti Asad. Imesimuliwa kuwa alipofariki, Mtume alimkafini kwa kanzu yake mwenyewe na akalala ndani ya kaburi lake kabla ya kuzikwa. Kwa mke wa ami!

Lakini tusijisifu mno. Malezi ya nyumbani yana kivuli chake, na dada zangu wengi mnakijua kwa macho. Mtoto anatolewa shamba, au siku hizi anavushwa kutoka bara, kwa jina la kulelewa na ndugu mjini. Ahadi ni skuli. Ukweli ni ndoo, ufagio na mtoto mwingine mgongoni. Anaitwa mwanangu mbele ya wageni, na wageni wakiondoka anakula mwisho. Huyu si yatima wa kafala, ni mtumishi asiyelipwa, na tofauti yao unaiona saa moja asubuhi: nani amevaa sare ya skuli na nani ameshika ndoo. Upande mwingine ni mali. Qur'ani ina maneno makali kwa wanaokula mali ya yatima, nayo yamo katika Sura ya An-Nisaa, sura yetu. Hata hivyo mikarafuu ya marehemu inachumwa na ami, na mtoto akifika miaka kumi na minane anaambiwa kuwa alikwisha kula fungu lake kwa wali na nguo za sikukuu.

Wazee waliokuwa na hofu ya Mungu waliujua ubaya huo, ndiyo maana wengine walikimbilia wakfu. Mwenye nyumba anaifunga: haiuzwi, hairithiwi, pato lake liende kwa msikiti, kwa kisima, kwa wanaosomesha, kwa fukara. Wanawake wa Unguja walikuwa miongoni mwa waweka wakfu, kwa sababu sheria iliwapa mali yao wenyewe na wengine hawakuwa na watoto wa kuirithi. Wengine walifunga nyumba nzima Mji Mkongwe, wengine minazi michache. Serikali ya kikoloni ilianzisha kamisheni ya wakfu mwaka 1905, na leo iko Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Nyumba nyingi za mji zingali za wakfu, nyingine zimechakaa kwa sababu kodi yake haitoshi hata kununua chokaa. Anayelia kuwa hatuna fedha za mayatima apite mitaa ya Mji Mkongwe akitazama juu.

Kuhusu elimu nitakwenda mbio, maana kila mmoja ana bibi wa kumsimulia. Chuo cha Qur'ani kilikuwa kila mtaa, na vingi viliendeshwa na wanawake barazani au uani kwao. Yatima alisoma bila kutoa kitu, au alitoa kwa mikono yake, tena mara nyingine kwa kumchotea mwalimu maji. Skuli ya kwanza ya serikali kwa wasichana ilifunguliwa 1927. Wazee walisita, wakihofia dini na sitara, mpaka walipoona Qur'ani imo katika masomo. Ila waliosita zaidi hawakuwa na hofu ya dini. Walikuwa na hofu ya kazi za nyumbani, kwamba binti akenda skuli nani atabaki. Na aliyebaki, kama nyumba ilikuwa na binti wa kuzaa na binti wa kulea, huhitaji kuuliza.

Tarehe 23 Septemba 1964, miezi minane baada ya Mapinduzi, Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila malipo. Siku hiyo tunaiadhimisha kila mwaka kwa michezo ya skuli. Kwa mtoto wa kulea ilikuwa na maana ambayo kwa mtoto mwenye baba haikuwa nayo. Ada ni kitu ambacho mlezi anakipima: nimlipie wa kwangu au huyu? Ilipoondoka ada, swali hilo likaondoka pamoja nayo. Haikuondoka sare, wala daftari, wala chakula cha asubuhi, kwa hiyo kazi bado ipo.

Nyumba za kulelea watoto nazo zina historia yao. Wengi mnalikumbuka lile jengo la Forodhani ambalo njia inapita chini yake. Miaka mingi lilikuwa nyumba ya mayatima, kabla watoto hawajahamishiwa Mazizini. Mwaka 1991 ikaja SOS, ambayo mpango wake ni mama mmoja na watoto wachache katika nyumba yao, si bweni. Sizipingi nyumba hizi. Mtoto aliyeokotwa jalalani usiku wa leo lazima awe na mlango wa kuingia kesho asubuhi. Ninachopinga ni tabia yetu ya kuzifanya mahali pa kwenda mara moja kwa mwaka na masanduku ya tende na kupiga picha, huku mtoto wa marehemu dada yetu analala kwa jirani. Watoto wengi wa nyumba hizi duniani wana jamaa walio hai. Kilichowatoa nyumbani ni ufukara, na ufukara una dawa nyepesi kuliko kujenga jengo.

Sheria yetu inasema hivyo hivyo. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, namba 6 ya 2011, inaanzia kwenye familia na imeiingiza kafala ndani yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za mtoto wa 1989, katika kifungu cha 20, unaitaja kafala kwa jina. Nilipolisoma jambo hilo mara ya kwanza nilifurahi sana, maana nilizoea kusikia kuwa sisi ndio wa kufundishwa.

Na maji? Kipindupindu hakikubaki kwenye kitabu cha Christie. Mwaka 2009 wakaazi wa baadhi ya shehia za Unguja na Pemba walipewa chanjo yake, na bado mlipuko wa 2015 na 2016 ukatukuta. Visima vingi vya pwani vimeingia chumvi, vingine viko karibu na vyoo kama zama za Jilfidan. Kwa hiyo dada anayetaka kuchimba kisima, kabla ya kibao cha marumaru chenye jina la marehemu, apeleke maji yakapimwe, aulize choo cha karibu kiko umbali gani, na aache fedha ya kutengeneza pampu ikiharibika mwaka wa tatu. Kisima chenye pampu mbovu kinampeleka mtoto kule kule alikokuwa akienda.

Kwa hiyo jibu langu kwa wanaouliza nimpe nani ni hili. Kwanza tazama ndani ya ukoo wako, kisha mtaani, uulize kama kuna bibi anayelea wajukuu peke yake. Unguja wako wengi. Ukimpa huyo fedha ya maji, ya sare na ya mchele kila mwezi, hata kidogo, umeshika yote matatu na mtoto hajahama kitanda. Kama unataka kumchukua mtoto nyumbani kwako, usimchukue kimya kimya: nenda kwa sheha, kisha Ustawi wa Jamii, iandikwe, na jina la baba yake libaki lilivyo. Kama ana mali, hata minazi minne, iandikwe mbele ya mashahidi siku ile ile anapoingia. Na kama unaye tayari mtoto wa ndugu ndani, kesho asubuhi tazama ndoo iko mikononi mwa nani.

Wenye bibi wanaokumbuka mifereji ya zamani ya Chemchem ilipopita, au visima vya wakfu vilivyofukiwa mitaani kwao, niandikieni. Nataka tuvikusanye majina yake kabla ya wanaoyajua hawajaondoka.